Koti Lililokwenda Panipat

Lewisville, Texas
12 Januari 2025

Shemeji Thierry,

Haya, barua hii hapa. Ulisema mambo ya matanga ya kaka yako hayazungumzwi tena kwa sauti za WhatsApp, kwa sababu ile sauti yako ya Desemba ilitoka Panipat asubuhi, na kufika jioni watu wa Kigoma walikuwa wamekwisha kuichambua pamoja na kikohozi chako. Nilicheka, lakini una haki. Nakuandikia kwenye kompyuta aliyoiacha Diane, nakutumia kwa imeli, na wewe ujibu vivyo hivyo. Ila usiniandikie mistari miwili kama mtu anayehojiwa na polisi.

Tuko wazima. Baridi ya hapa haina adabu: leo unavaa sweta mbili, kesho unatoka na kandambili. Bado natandika vitanda kule hotelini Irving. Mgongo unalalamika ila hauna wa kumshitakia. Watoto wadogo wanakusalimu, kwa Kiingereza, lakini salamu ni salamu. Mkubwa wao, Diane, yuko Houston kwa dada yangu Annonciata, anasomea uuguzi.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa nne Jimmy anatimiza mwaka tangu moyo wake usimame pale ghalani alipokuwa akipakia mizigo. Nataka tuondoe matanga Jumamosi inayofuata Pasaka. Padri amekubali kutusomea misa na Warundi wenzetu wametutafutia ukumbi wa parokia. Nimechoka na nguo nyeusi, Thierry, sikufichi. Nimechoka watu kushusha sauti kila nikiingia mahali. Nataka kurudi kwaya na kuimba mpaka koo likauke.

Lakini mjane hajifungui msiba mwenyewe, unajua. Wazazi wenu walitangulia, ndugu zenu wengine vita viliwachukua, umebaki wewe peke yako. Neno la kunitoa kwenye msiba lazima litoke kwa mtu wa kwao Jimmy. Utalisema kwa simu, tutaiweka kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima usikie. Utakubali? Na ukishanifungua, nitabaki shemeji yako, au nitakuwa mama fulani tu aliyeko Texas? Hilo ndilo linaloninyima raha.

Wako,
Dévote


Panipat, Haryana, India
19 Januari 2025

Mke wetu,

Nakuita hivyo makusudi, ujue utani haujafa.

Ukungu wa wiki hii ni mzito mno. Jana nilimwamkia ng'ombe kwa heshima zote nikidhani ni mwenye nyumba wangu. Lakini kazi hazisimami. Mji huu hauna dini kubwa kuliko uzi. Kila mtaa una mtambo unaofuma kitu: zulia, pazia, shuka, blanketi, na hata ukilala unausikia ukutani. Mimi huzunguka viwandani kuwachagulia mzigo wafanyabiashara wa Kigoma na Bujumbura, na tumbo langu limekuwa birika, maana hapa bei haitajwi kabla ya chai.

Nikusimulie jambo. Mwezi uliopita niliingia kiwanda kimoja nikakuta mablanketi ya kijivu yamepangwa mpaka darini. Yale yale, Dévote. Yale tuliyogawiwa kambini tukiwa wakimbizi, yanayowasha shingo. Nilishika moja nikakaa chini. Mwenye kiwanda akadhani nimeugua, akaagiza chai nyingine. Na unajua yanatengenezwa kwa nini? Kwa nguo zenu za huko. Masweta na makoti yaliyochoka hushushwa bandarini, yakaja hapa kwa malori, yakachanwachanwa, yakasokotwa kuwa uzi upya. Tulikuwa tunajifunika makabati ya Wamarekani na hatukujua.

Kuhusu ulichoniuliza, ndiyo. Nitasema neno, na nitalisema vizuri. Jambo langu ni moja tu. Nguo nyingine za kaka gawa unavyopenda, ila lile koti la sufu la kahawia liwepo. Unajua lilikuwa la baba. Siku tulipoondoa matanga yake pale kambini, liliwekwa mabegani mwa Jimmy kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza, na Jimmy akaondoka nalo kwenda Amerika. Sasa avikwe Diane. Usiniambie kwamba yeye ni msichana. Mkubwa ni mkubwa. Nikisikia kwenye simu kwamba limekaa mabegani mwake, neno litanitoka lenyewe.

Wako,
Thierry


Lewisville
26 Januari 2025

Dada Annonciata,

Nakuandikia kwa sababu ukiwa kwenye simu Diane huwa karibu yako na atasikia.

Thierry amekubali, lakini anataka koti. Dada, kati ya vitu vyote vya marehemu, ametaka lile koti.

Sikukueleza vizuri kilichotokea Krismasi. Nilikuwa kazini. Diane alipanga nguo zote za baba yake kwenye mifuko, akaipeleka kwenye lile sanduku la chuma la kukusanya nguo, pale maegesho ya duka. Rafiki zake wa chuo walimwambia ndivyo watu wanavyopona. Aliniandalia na chakula. Nimefungua kabati, naona henga tupu zinaning'inia, na mtoto amesimama nyuma yangu anatabasamu anasubiri nimshukuru. Nikamwambia, "Umemzika baba yako mara ya pili." Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Kesho yake alipanda basi akaja kwako.

Nilikwenda kwenye sanduku, nikaingiza mkono mpaka begani. Tupu. Nikapiga namba iliyoandikwa ubavuni. Yule dada wa kwenye simu alikuwa mpole, akasema nguo zimeshakwenda huko kwenu Houston, zinafungwa marobota, zinasafirishwa nje. Nikamuuliza, nje wapi. Akasema inategemea: nyingine Afrika, za sufu mara nyingi huenda India. Na shemeji yangu yuko India, kwenye mji huo huo unaokula nguo za sufu. Nifanye nini, dada? Nikimwambia ataona nimemtupa kaka yake kabla hata mwaka haujaisha. Nisipomwambia, Aprili haiko mbali.

Diane anakula? Ananiulizia?

Mdogo wako,
Dévote


Lewisville
2 Februari 2025

Shemeji,

Asante kwa kukubali. Watoto wamecheka sana habari za ng'ombe.

Umenipa hamu ya kuujua mji wako. Hebu nieleze, hayo marobota ya kutoka Texas huwa yanafika hapo kweli, au ni ya New York tu? Yanachukua muda gani njiani? Nani anayafungua? Na koti zuri kabisa, lisilo na tundu, nalo linachanwa, au kuna mtu hulitoa pembeni? Nauliza tu.

Dévote


Panipat
10 Februari 2025

Mama mfanyabiashara!

Nimekugundua. Mtu hatandiki vitanda miaka yote hiyo akaanza ghafla kuuliza habari za marobota "tu". Ungesema mapema. Wewe ukusanye sufu huko, mimi nipokee huku, tutaiita Dévote na Shemeji, na siku moja tutanunua hiyo hoteli yako wewe ukae mapokezi na miwani.

Basi sikiliza. Ya Texas yanafika, nimeona maandishi ya Houston kwenye magunia kwa macho yangu. Njiani ni miezi, kwa meli na kwa malori. Mengi hukatwa bandarini kwa visu ili yasiuzwe kama nguo. Yakifika hapa, wanawake hukaa chini na kisu kilichosimikwa kwenye ubao, wanang'oa vifungo, zipu, mifuko, bitana. Kisha yanatengwa kwa rangi, mlima wa bluu hapa, mwekundu pale, kwa sababu hawataki gharama ya kupaka rangi upya. Koti la kahawia likishaingia mlima wa kahawia, hata fundi aliyelishona hawezi kulitambua. Mambo safi kabisa, hakuna kinachopotea.

Niambie tu utaanza na kilo ngapi.

Thierry wa Dévote na Shemeji


Lewisville
16 Februari 2025

Thierry,

Sitaki biashara. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia na wewe ukanicheka, si kosa lako.

Koti halipo. Nguo zote za Jimmy zilitolewa wakati wa Krismasi, na koti lilikuwa humo. Nilizitoa mimi. Nilikuwa nasafisha nyumba, kichwa changu hakikuwa sawa, nikapeleka mifuko kwenye sanduku la kukusanya nguo na sikukumbuka kuangalia. Zilikwenda Houston, na kwa maelezo yako mwenyewe, zinakuja kwako.

Sikumtupa kaka yako. Nimelala kitanda kimoja naye tangu kambini, nikamfunga vifungo vya koti hilo kila asubuhi ya baridi alipokuwa anawahi gari la kwenda kazini. Kama huwezi kusema neno bila koti, niambie niahirishe ukumbi. Lakini usinyamaze.

Dévote


Houston
14 Machi 2025

Thierry mdogo wangu,

Mimi ni Annonciata, dada yake Dévote. Tulionana kambini. Nilikuwa nakufukuza ulipokuwa ukiiba mihogo yetu, kwa hiyo nina haki ya kukusema.

Mdogo wangu anasema alikuandikia kuhusu koti na wewe kimya mwezi mzima. Anaamka anatazama simu, anakwenda kazini, anarudi anatazama simu. Sasa nitakuambia ambalo yeye hatakuambia, kwa sababu amelibeba kwa makusudi. Nguo hakuzitoa yeye. Ni Diane. Mtoto alidhani anamsaidia mama yake, mama akamwambia neno baya, na mtoto amelimeza hilo neno kama mfupa. Yupo hapa kwangu. Anakwenda shule, anarudi, anajifungia. Nikirudi kutoka kule nyumba ya wazee ninakopikia, nakuta chakula chake kama nilivyokiacha. Nimemtajia Aprili akanijibu, "I'm not going. I threw him away." Maana yake haji. Anasema amemtupa baba yake.

Mama anamficha mtoto asilaumiwe na wewe, mtoto anajificha asimwone mama, na wewe umejificha India. Mimi nimechoka na nyinyi. Kama una hasira, sawa, iandike iishe. Lakini yule msichana ana baba mdogo mmoja tu duniani, na ni wewe.

Usimwambie Dévote kwamba nimekuandikia.

Annonciata


Panipat
25 Machi 2025

Shemeji Dévote,

Kaa kwanza. Limepatikana.

Unisamehe kwa ukimya. Mwanzoni nilikasirika kweli, nikaona mtu mwenye hasira asishike kalamu. Baadaye nikaenda kutafuta, na wakati wa kutafuta sikuwa na la kukuambia.

Nilianzia kwenye ghala lililo nyuma ya barabara kuu. Mlima wa kahawia pale unashinda nyumba ya ghorofa. Wale wanawake wa visu wakaniuliza nataka nini, nikawajibu kwa Kihindi changu kinachochechemea kwamba natafuta koti la kaka yangu aliyefariki Amerika. Wakacheka. Kisha mama mmoja mwenye ushungi wa njano akawauliza wenzake mnachekea nini, na wote wakainuka wakaanza kupekua. Shemeji, siku ile nilivaa makoti ya watu wa kila namna. Mengine yalikuwa na tiketi za basi mfukoni, jingine lilikuwa na pipi. Nikatoka pale nikaenda ghala la pili, la tatu, vumbi limejaa puani, mpaka vijana wa hapa mtaani wakaanza kuniita Bwana Koti.

Na Ijumaa likatokea. Zima kabisa, halikukatwa. Wale wa bandarini walilirukaje, anajua Mungu. Nililitambua hapo hapo.

Nakutumia kwa ndege, litafika kabla ya Pasaka. Ila ujue mambo machache. Bitana ilikuwa imeoza, fundi ameweka mpya, kwa hiyo usitafute ile ya zamani. Amelisafisha kwa dawa, kwa hiyo usitafute harufu. Vifungo vingine vilikuwa vimedondoka, akabadilisha vyote vifanane. Na kama utaona limepungua kidogo, sufu ni hivyo, husinyaa ikipata maji.

Aliyelitoa, awe yeyote, mwambie sina kinyongo naye hata kidogo. Diane avikwe kama nilivyosema. Mwambie baba yake mdogo amesema lazima awepo, la sivyo naapa sitaongea Kiswahili naye tena, na Kiingereza changu hatakiweza.

Thierry


Lewisville
10 Aprili 2025

Dada Annonciata,

Koti limefika jana. Si lenyewe.

Nilijua kabla sijalitoa lote kwenye karatasi. Dada, ni koti la kike! Vifungo viko upande wa wanawake, kiuno kimekatwa kikaingia ndani, mabega membamba kama ya binti wa kwaya. Jimmy asingepitisha hata mkono mmoja. Masikini Thierry, amekulia kwenye mitumba kama sisi sote, nani kambini aliuliza vifungo viko upande gani? Ulikuwa unavaa ulichopewa. Ameniandikia kila kitu ambacho nisikitafute, bitana, harufu, vifungo, ukubwa, nami nikakaa sakafuni nikacheka mpaka watoto wakaja kunitazama. Kisha nikalia, na nililia muda mrefu. Mtu mzima amezunguka kwenye vumbi la watu, amevaa makoti ya watu, akanipigia pasi uongo akaufunga vizuri na karatasi nyeupe. Niliogopa nimempoteza. Mtu aliyekuacha hafanyi hivyo.

Nilitaka kumwandikia kwamba nimejua. Nikawaza habari ya Diane. Sasa sikiliza, dada. Wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukuomba useme uongo. Mwambie koti la baba yake limepatikana. Mwambie limevuka bahari likarudi. Mwambie mama yake anamwomba aje, na yale maneno ya Krismasi hayakuwa maneno, yalikuwa uchungu tu. Hilo la mwisho si uongo, mwambie hilo kwanza.

Diane hajawahi kulivaa lile la baba yake. Alikuwa mdogo sana tulipokuja, na Jimmy alipolivaa ilikuwa gizani, watoto wamelala. Rangi inafanana. Hatajua.

Mdogo wako,
Dévote


Lewisville
10 Aprili 2025

Shemeji Thierry,

Limefika. Ni lenyewe. Mungu akubariki pamoja na yule mama mwenye ushungi wa njano.

Dévote


Houston
28 Aprili 2025

Baba mdogo Thierry,

Hii ni barua yangu ya kwanza ya Kiswahili in my life. Mama mkubwa alitaka ku-check, nimekataa, kwa hiyo makosa yote ni yangu. Please usicheke.

Nilienda Lewisville. Sikutaka kwenda lakini mama mkubwa aliweka begi langu kwenye gari na akakaa anapiga honi. Mama alikuwa mlangoni. Alinishika uso na mikono miwili, mikono ilikuwa na harufu ya vitunguu, na tukabaki pale mpaka chakula kikaungua.

Sauti yako ilisikika vizuri ukumbini. Kwenye video wewe uliona giza kwa sababu mtu aliishika simu vibaya. Mama aliniwekea koti wakati unaongea. Uliposema "tumekufungua lakini hatujakuacha, wewe ni mke wetu mpaka tuzeeke," watu walipiga vigelegele na wakamletea mama kiti. Baadaye alienda ku-change. Alirudi na kitenge cha kijani na njano na akaimba solo. Sikujua mama anaimba hivyo. Mimi sijawahi kumsikia akiimba peke yake.

Kuna kitu nataka kukuambia. Mama alisema yeye ndiye aliyetoa nguo, si kweli. Ni mimi. Nafikiri ulijua, sijui kwa nini nafikiri hivyo.

Na nina swali. Watu walipoondoka niliingiza mikono kwenye koti, nikafunga vifungo vyote. Linanitosha. Exactly, kama lilishonwa kwa ajili yangu. Lakini baba ninayemkumbuka alikuwa mkubwa. Mabega yake yalijaza mlango. Akinibeba nilikuwa naona juu ya friji. Mimi ni mtu mdogo, ninavaa size ya watoto wakati mwingine. Nilimuuliza mama, baba aliingia vipi humu? Mama alisema, "Muulize baba yako mdogo," na akaenda jikoni haraka.

So nakuuliza wewe. Niambie ukweli, mimi si mtoto tena. Baba aliingia vipi ndani ya koti hili?

Diane


Panipat
4 Mei 2025

Diane mwanangu,

Nimecheka mara moja tu, pale kwenye honi. Kiswahili chako kinanitosha. Niandikie tena, na makosa yake.

La nguo limekwisha. Mtoto aliyetaka kumsaidia mama yake hana kesi kwangu, na sitaki ulirudie.

Umeniomba ukweli. Nitakupa huu nilioushuhudia kwa macho yangu, na nilikuwa na umri mdogo kuliko wako wa sasa.

Baba yako uliyemjua alikuwa mkubwa kwa sababu Texas ilimlisha, na mizigo ya ghalani ikampanua. Mimi huyo sikuwahi kumwona ila kwenye picha. Ninayemjua mimi ni wa kambini. Pale chakula kilikuwa cha mgao, na kaka alikuwa anasema ameshiba kabla sahani haijamfikia. Anasukuma kwa mama yako, mama yako ananyonyesha. Anasukuma kwangu, mimi nilikuwa na njaa isiyo na haya, nakula. Sikujua. Nilidhani kweli ameshiba.

Siku mnaondoka mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Majina yenu yalisomwa, langu lilikuwa kwenye faili jingine. Wewe ulikuwa na homa. Alikuwa amevaa koti la babu yako, akalifungua, akakulaza kifuani, akalifunga tena, kifungo kwa kifungo, mpaka kidevuni kwako. Alikuja kuniaga hivyo hivyo na wewe ukiwa ndani. Nilimkumbatia nikahisi mbavu zake kwa mikono yangu, na joto la homa yako katikati yetu. Kisha akapanda lori, nami sikumwona tena.

Kwa hiyo usishangae kwamba linakutosha. Baba yako aliingia humo, mwanangu, na nafasi ikabaki ya kukuweka wewe.

Baba yako mdogo,
Thierry